Jina la Mke Wangu Katika Orodha ya Baraza

Mke wangu aliuza ndizi miaka mingi hapa Voi, kwenye safu ya vibanda iliyokuwa kando ya barabara kuu. Ndizi zilitoka Mahoo, kule Taveta, na kila wiki alizifuata mwenyewe. Mimi nilikuwa kibarua wa shamba la mkonge. Alipokufa nilikuwa nimeshaachishwa kazi, basi nikakaa kwenye kiti chake. Sikujua biashara. Wateja ndio walionionyesha zilizoiva.

Kabla ya kuugua alikuwa amejiandikisha katika baraza la wafanyabiashara wa safu yetu. Kaunti ilikuwa imetangaza kwamba vibanda vyote vya kando ya barabara vitabomolewa, na kwamba soko jipya linajengwa. Chemba ya wafanyabiashara ikasema itayaombea nafasi mabaraza ya mitaa, mradi kila baraza liwe na watu wasiopungua ishirini, kila mmoja na leseni yenye jina lake. Safu yetu ilikuwa na ishirini kamili, pamoja na yeye.

Baada ya mazishi, mwenyekiti wetu, mama aliyeuza viatu vya mitumba, alikuja akaketi nami. Alisema leseni ya marehemu haijaisha muda, kwa hiyo jina lake libaki mpaka baraza liandikishwe. Yangu nilikuwa nimeiomba, lakini kila nikienda naambiwa nirudi kesho.

“Wewe njoo tu mikutanoni ukae,” aliniambia. “La jina niachie mimi.”

Mimi ni mtu wa kunyamaza tangu utoto, na nikinyamaza watu hudhani nimekubali. Ningeweza kumwambia siku ile ile kwamba sipendi. Sikumwambia, na kosa hilo ni langu, si lake.

Tulikutana Jumamosi mchana nyuma ya kinu cha posho. Katibu, fundi wa simu, alisoma majina moja moja, na akilifikia la mke wangu mwenyekiti alisema, “Ana udhuru.” Siku moja muuza makaa alichelewa tena, mwenyekiti akamwambia, “Mwenzako yuko kaburini na anahudhuria kuliko wewe.” Watu walicheka, kisha wakanitazama. Nami nikacheka, ili wasione haya.

Niseme ukweli. Kufikia mkutano wa tatu nilikuwa naenda kwa ajili ya jina lile. Watoto wanasema marehemu mama. Majirani wanasema yule mama. Pale lilisomwa lote, majina matatu, katikati ya la muuza makaa na la muuza mayai, kama la mtu ambaye angeweza kuinuka na kuitika.

Siku ya mwisho ya kuandikishwa, afisa wa chemba alikuja na faili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alisoma majina mwenyewe, na kila aliyetajwa alisimama na kuonyesha leseni. Mwenyekiti alikuwa ameniambia niseme mke wangu amekwenda Mata, kule Taveta, kuangalia shamba. Maneno nilikuwa nayo tayari.

“Ana udhuru, madam,” mwenyekiti akasema jina lilipofika. “Huyu ni mzee wake, leseni anayo.”

Afisa akanigeukia. “Mama yuko wapi, mzee?”

Aliuliza kwa wema, kama mtu anayetaka kumsalimia. Nikasimama na leseni mkononi, na yale ya Mata hayakutoka.

“Tulimzika,” nikasema. “Kwao, milimani.”

Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akasema hawezi kumwacha aliyefariki kwenye faili. Nikamwomba aniandike mimi mahali pake. Akaomba leseni yangu. Sikuwa nayo. Akanisogezea kalamu, akaeleza kwamba mtu wa familia ndiye hulikata jina na kutia sahihi pembeni. Niliuchora mstari polepole ili usipinde. Mwenyekiti alikimbia kumwita mama wa chai wa steji ya matatu aje ajaze nafasi, kumbe leseni yake ilikuwa imeisha. Saa kumi jioni faili likafungwa. Tulikuwa kumi na tisa.

Hakuna aliyenitukana. Siku ya pili mwenyekiti alikuja kibandani, akasimama bila kununua.

“Mzee wangu, ungesema tu amesafiri. Marehemu angekuwa mahali pako, si angesema hivyo?”

“Angesema,” nikamjibu.

Hilo nalijua vizuri. Mke wangu angewadanganyia watu kumi na tisa bila kusita, halafu angerudi nyumbani apike. Sikumheshimu yeye kwa kusema kweli. Nilishindwa tu, na ukweli ukatoka.

Trekta ya kaunti ilikuja asubuhi moja na kufikia adhuhuri safu yote ilikuwa mabati na mbao. Soko jipya lilipofunguliwa, nafasi zilikwenda kwa mabaraza yaliyoandikishwa. Muuza makaa alirudi kwao. Mimi nauzia ndizi mlangoni kwangu, ambako hapiti mtu. Mwenyekiti hupanga viatu vyake juu ya gunia karibu na reli, na askari wa kaunti wakija huvifungasha na kukimbia, mama wa umri ule. Nikimwona mbele mimi huvuka upande wa pili wa barabara. Yeye hunisaidia kwa kuinama na kufuta vumbi kwenye kiatu mpaka nipite.