Fisi Kwenye Ubao wa Nyathira

Nyathira hakujua kukaa bure. Mumewe Gachanja aliuza nguo pale Chepseon, naye akalima, akafuga, akashona. Lakini mambo ya hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni yalipochacha, majirani Wakipsigis wakaanza kuwakwepa Wakikuyu kama wao, na bintiye Wacuka akabaki kucheza peke yake. Hilo lilimuuma Nyathira kuliko duka kukosa wateja.

Akachukua kifuniko cha sanduku la majani chai, akakichora miraba kwa mkaa, na hapa na pale wanyama kwa rangi ya viatu. Kucheza kwenyewe ni rahisi. Kila mtu ana punje yake ya mahindi. Unarusha maharagwe manne yaliyomenywa upande mmoja, na kadiri pande nyeupe zinavyotazama juu ndivyo unavyosonga. Ukimfikia ndovu, anakubeba mbele. Ukimfikia kobe, unangoja zamu. Ukimfikia fisi, ole wako! Wote wanamchapa kofi pale ubaoni wakipiga kelele, "Mwizi!", nawe unarudi mwanzo.

Jumapili moja baada ya kanisa, jirani yake Chepkorir akakubali kuja na watoto wake. Nyathira alifurahi nusura amwage chai. Wakacheza vizuri, mpaka punje ya Kipkosgei, kifungua mimba wa Chepkorir, ikaangukia fisi. Wacuka akachapa ubao. "Mwizi!"

Chepkorir akajifunga leso, akawashika wanawe mikono, akaondoka bila kuaga.

Nyathira alilia, tusifiche. Alidhani ni Ukikuyu wao tu, basi. Lakini kwa vile hakuwa mtu wa kukaa na jambo moyoni, kesho yake akamfuata Chepkorir kwake.

"Mama Kipkosgei, nimekukosea nini?"

"Si mimi umekosea. Ni fisi," Chepkorir akasema. "Hiyo ni mnyama ya ukoo yetu. Sisi hatupigi yeye, hatutukani yeye. Hapa kila ukoo iko na yake."

Miaka yote hiyo kuishi na watu, na hakuwahi kuuliza! Nyathira aliona aibu.

"Nitamfuta leo hii."

"Ukifuta, watoto yangu watakaa wapi kwa hiyo ubao?" Chepkorir akamtazama. "Na nyinyi, yenu ni gani?"

"Ya namna hiyo hatuna."

Chepkorir akamhurumia kweli kweli, kana kwamba ameambiwa hawana nyumba. Akachukua leso yake, akawaita watoto, wakarudi wote kwa Nyathira.

Wakaweka sheria nyingine: ukimfikia mnyama wa kwenu, unapumzika kwake, na hakuna wa kukurudisha nyuma. Kipkosgei akaiweka punje yake kwa fisi kuonyesha. Wacuka akasimama na yake mkononi.

"Na mimi je?"

Chepkorir akaichukua ile punje, akaiweka juu ya fisi, kando ya punje ya Kipkosgei.

"Wewe kaa hapa na ndugu yako," akasema, akamgeukia Nyathira kuomba chai. Nyathira akaenda kuimimina kwa furaha.