Vijiti vya Bwana Shamba Bondeni

Tulikuwa mimi, mama mkwe wangu Semligo, wifi yangu Atupele, na jirani zetu Lukasi na mkewe Tulakela, niliowaita kulima kwa malipo ya ulanzi, pombe ya mianzi. Mume wangu Yohana alikuwa Makambako. Enzi za Mwingereza kuchimba mfereji bondeni kulitaka kibali, na Yohana alikisumbukia bomani Njombe mpaka akakipata. Kilikuwa cha kinyungu, shamba la kiangazi linalotulisha ghala likiisha.

Bwana shamba alikuja nikiwa kanisani, akachomeka vijiti kuzunguka kipande kimoja. Kwetu ukizungushia vijiti umesema hapa ni pangu, nitalima. Nikajua ametupimia. Tukachimba humo humo, tukapanda maharage yetu yote ya mbegu.

Mama mkwe aliuliza, “Mbona wametupa penye chemchemi?”

“Mama, Serikali imetupenda.”

Bwana shamba aliporudi nilimkimbilia na kibuyu cha ulanzi. “Kamwene, bwana. Tumemaliza.”

Alitazama yale matope, hakupokea. “Mama, vijiti vilikuwa vya kukataza. Chemchemi haiguswi. Mlipewa nje ya vijiti.”

Akafuta kibali, akaamuru tufukie mifereji na maharage yakiwa humo. Wale wale niliowaita kuchimba wakaanza kufukia. Nikabaki nimeshika kibuyu. Mama mkwe akasema, bila kunitazama, “Mpe ulanzi, mwanangu. Si anakupenda?”

Mwaka ule tulilala njaa. Kama nimekosea jina, aliyekuwepo anisahihishe. Maneno ya mama mkwe yaacheni yalivyo.