Hilaria Anashusha Sensi

Tangu Heri azaliwe, Hilaria alikuwa akicheza gemu kwa kifundo cha mkono peke yake, na mwenyewe hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Mtoto amefungwa mgongoni, amelala, shavu limejibandika kati ya mabega ya mama yake, na bega likitikisika kidogo tu anaamka. Basi bega lilitulia, kiwiko kikatulia juu ya meza, vidole vikafanya kazi yote. Mausi ilisogea upana wa kiberiti, na kwenye skrini yule askari wake akageuka mzima mzima kuangalia alikotoka.

Wachezaji wanaiita sensi. Ni kiasi mausi inavyokimbia ukiisukuma. Ukiipandisha, gusa kidogo tu dunia yote inazunguka. Ukiishusha, inabidi uivute mausi huku na huku kama mtu anayepiga deki. Sensi ya Hilaria ilikuwa juu sana, na vijana wa Kashaulili waliokuja kucheza kwenye kibanda cha kompyuta cha Kasimu, pale sokoni, walimcheka kwa hilo, mpaka alipoanza kuwaua mmoja mmoja.

"Mama Heri kaniua tena!"

"Na mtoto mgongoni! Wewe nenda kalime tu."

Alikuwa ameajiriwa pale kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya ajira. Wateja wakipungua, alikaa kwenye kompyuta ya pembeni, ile yenye feni inayolia, akaingia kwenye gemu ya bunduki. Mume wake, Respicius, alikuwa Karema kwenye vibarua vya ujenzi, na nyumbani Nsemulwa aliishi na mama mkwe. Hakuwa na shida na mama mkwe. Ila kutwa nzima Hilaria alikuwa mke wa fulani, mkwe wa fulani, mama wa fulani, na kwenye ile kompyuta peke yake ndipo alipokuwa mtu ambaye wengine wanamuogopa. Alilijua hilo, lakini hakuwahi kumwambia mtu, maana lingesikika kama kiburi.

Kisha mambo mawili yakaja kwa pamoja.

La kwanza, Kasimu alipata mtu wa kununua kompyuta zote. Kibanda kinageuka duka la vipuri vya pikipiki. "Shemeji, nisamehe," alimwambia, "biashara ya kopi imekufa. Jumapili gari linakuja kubeba." Kompyuta nyingine mjini zilikuwa za maofisini, na hizo hata mausi zake usingeruhusiwa kuzigusa.

La pili, Upendo alimpigia. Upendo alikuwa nahodha wa timu ya wanawake iliyopo Dodoma, na walikuwa wamekutana humo humo kwenye gemu. Timu ilikuwa imepungukiwa mtu mmoja. Atakayechaguliwa atatumiwa kompyuta nyumbani kwake, popote alipo, ili afanye mazoezi na wenzake. Walibaki wawili: Hilaria na binti mmoja wa Iringa. Jumamosi kila mmoja atacheza ndani ya timu mechi tatu, kisha wataamua.

"Tunataka mtu asiye na mambo mengi," Upendo alisema. "Wewe huna mambo mengi?"

Heri wakati huo alikuwa ananyonya, kashika kola ya blauzi kwa ngumi.

"Sina, dada."

"Vizuri. Sasa nisikilize, mdogo wangu. Mkono wako ni mwepesi, lakini sensi iko juu mno. Ukimlenga mtu wa mbali, ile alama ya kulengea inatetemeka. Sisi wote tunacheza chini. Shusha nusu, halafu shusha tena nusu ya hiyo nusu."

"Sawa, dada."

Angeweza kusema. Angesema, dada, nina mtoto mgongoni, nikicheza kwa mkono mzima anaamka. Lakini kwao Mpimbwe alikokulia, na kwa wakwe zake vilevile, mkubwa akikuelekeza unaitikia kwanza. Maelezo yako yatapata nafasi baadaye, kama yatapata. Tena alikuwa ameshasema hana mambo mengi.

Akashusha.

Wiki hiyo mama mkwe alikubali kubaki na Heri mchana. Hilaria alikaa mbele ya kompyuta mgongo mtupu, akijiona mwepesi kama amesahau kitu njiani. Siku za kwanza zilikuwa za mateso. Adui anatokea upande wa kulia, yeye anavuta mausi kama alivyozoea, alama inaishia njiani, na kabla hajavuta tena ameshakufa. Akajaribu kutumia kiwiko, kikagonga kiti. Akajaribu kutumia bega, likauma mpaka usiku. Vijana waliokuwa wakimkimbia wakaanza kumtafuta.

"Mama Heri leo umekuwaje? Umelala njaa?"

"Muacheni, anajifunza kupiga deki."

Alitamani kuipandisha. Mara kadhaa alifungua sehemu ya kubadilisha, akakishika kile kitufe, akakumbuka alivyoitikia "sawa, dada", akafunga. Alhamisi alilia chooni, akanawa uso, akarudi. Ijumaa mkono ukaanza kuelewa. Sio sana, lakini watu wa mbali waliokuwa wakimponyoka sasa walianguka, na kweli alama haikutetemeka. Alirudi Nsemulwa akitembea haraka, akapika wali, akamwambia mama mkwe, "Mama, kesho naweza kupata."

"Upate, mwanangu," mama mkwe alisema, ingawa hakuwa anaelewa ni kitu gani.

Asubuhi ya Jumamosi wakaamshwa na kilio cha nyumba ya tatu. Mzee wa pale alikuwa amefariki. Mama mkwe alifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua sufuria lake kubwa.

"Mimi naenda kupika. Na wewe ilibidi uje, unajua."

"Najua, mama."

"Nitawaambia umeenda kazini, utakuja jioni. Ila mtoto siwezi kukaa naye kule, moshi mtupu. Mchukue."

Hilaria alisimama mlangoni akimwangalia anavyokwenda. Hakuwepo mtu wa kumuomba, maana wanawake wote wa mtaa ule walikuwa wanaelekea kule kule na masufuria yao. Akamnyonyesha Heri mpaka akashiba, akambembeleza akalala, akamfunga mgongoni, akapanda boda kwenda Kashaulili akiomba asiamke.

Kibandani Kasimu alikuwa ameshaanza kufungasha. Sakafu ilijaa maboksi na nyaya. Printa kubwa ilikuwa imehamia kwenye meza ya Hilaria, upande wa kulia.

"Hiyo inakusumbua?"

"Hapana," alisema. Nafasi iliyobaki aliiona inatosha.

Mechi ya kwanza ilipoanza, sauti za wanawake wa Dodoma zilijaa kwenye hedifoni, zinataniana, zinapangana. Hilaria alivuta mausi kwa mkono mzima kama alivyojifunza. Bega likaenda, mgongo ukaenda nalo, Heri akaguna. Akavuta tena. Heri akaamka, na kwanza akanyamaza kidogo, kama mtu anayetafakari aanzie wapi, halafu akaanza.

"Huyo mtoto wa nani?" Upendo aliuliza.

Hilaria alikuwa amejificha nyuma ya ukuta kwenye gemu. Jibu lilitoka lenyewe.

"Wa jirani, dada."

Kasimu, aliyekuwa anakunja waya, aliinua kichwa akamtazama. Heri akalia kwa nguvu zaidi, akimpiga mama yake mgongoni kwa miguu, na Hilaria akaona uso unamuwaka moto kuliko siku yoyote ya maisha yake. Mechi ile waliipoteza. Yeye alikufa wa kwanza karibu kila raundi.

Kabla ya mechi ya pili akafanya jambo ambalo mchezaji yeyote angemkataza. Aliipandisha sensi, akairudisha pale pale ilipokuwa mwanzo, ili atulize bega mtoto alale. Na kweli Heri alilala. Lakini mkono haukuwa ule wa zamani tena. Wiki nzima ya kuvuta kwa nguvu ilikuwa imeuharibu. Aligusa mausi kidogo, alama ikaruka ikampita adui, ikatazama mbingu. Akairudisha, ikampita kwa upande mwingine. Mkono wa zamani ulikuwa umesahau, na mkono mpya ulikuwa haujakomaa, na katikati yao palikuwa na Hilaria anapigwa risasi.

"Hilaria, umebadilisha nini?" Upendo aliuliza, na sauti yake sasa haikuwa na utani.

"Hamna, dada. Intaneti."

Wakapoteza tena. Akaishusha tena. Akainama juu ya meza akashika kichwa, jasho linashuka, maziwa yamelowesha blauzi upande mmoja.

"Shemeji, nipe huyo mtoto," Kasimu alisema.

"Utamuwezea wapi?"

"Nina wadogo zangu sita, mimi. Nipe, nakwambia."

Alimfungua Heri, na Kasimu, na ndevu zake na kofia yake, akainama akafungwa mtoto mgongoni kwa kitenge cha maua, akatoka nje barazani kumtembeza. Muuza nyanya wa mbele hakuchelewa.

"Eeeh! Kasimu! Umejifungua lini? Hata hatukuletewa uji!"

"Jana. Nilikuwa namsubiri shangazi yake, ndiyo wewe."

"Na unamnyonyesha, au?"

"Akilia namleta kwako, usijali!"

Soko lote lilicheka. Hilaria alilisikia cheko hilo kwa mbali, nyuma ya hedifoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akavuta pumzi yote.

Mechi ya tatu alicheza. Hapo hata vijana waliokuja kuaga kibanda walisogea nyuma yake kutazama. Mkono mzima ulikwenda, bega likakubali, alama ikatulia kama imepigwa msumari. Alimuangusha mmoja dirishani, akamuangusha mwingine aliyekuwa anamkimbilia Upendo kwa nyuma. "Huyu ndiye!" mmoja wa Dodoma alipiga kelele. "Huyu ndiye niliyewaambia!" Wakaenda sawa kwa sawa na wapinzani mpaka ikabaki raundi moja, na katika raundi hiyo wenzake wote wakafa, akabaki yeye na adui mmoja.

Nje Heri akaanza kulia. Mama anazijua kelele za mtoto wake. Hiyo ilikuwa ya njaa, sio ya maumivu. Kifua kilimuuma, maziwa yakatoka yenyewe, lakini akabaki pale pale. Alisikia hatua za adui kwenye hedifoni, kulia, nyuma kidogo. Akavuta mausi kulia. Askari wake akageuka nusu. Akavuta zaidi, na mausi ikagonga printa.

Meza ilikuwa imekwisha.

Akainyanyua mausi ili airudishe katikati. Ni jambo la kufumba na kufumbua, lakini adui alikuwa ameshatokea. Skrini ikawa nyekundu.

Hilaria akazivua hedifoni, akaziacha mezani zikiendelea kutoa sauti. Kasimu aliingia na mtoto anayelia. Hilaria akampokea, akamweka titi mdomoni, na kilio kikakatika ghafla. Maiki ilikuwa bado wazi.

"Hilaria," Upendo alisema. "Huyo mtoto wa jirani mbona ananyonya hapo?"

Kasimu akainama kwenye maiki.

"Dada, samahani, mimi ndiye mwenye kibanda. Mtoto ni wake. Anacheza naye mgongoni kila siku, na kwa ile spidi ya juu alikuwa anatumalizia vijana wote hapa. Sijui nyie mlimwambia nini."

"Kasimu, acha," Hilaria alisema taratibu.

"Ni kweli?" Upendo aliuliza.

"Ni kweli, dada. Ni wangu. Anaitwa Heri." Akamsogeza mtoto vizuri kifuani. "Nilishusha kwa sababu ulisema nishushe. Nilipandisha kwa sababu yeye alikuwa analia. Na mwisho meza ikaisha."

"Ungeniambia," Upendo alisema. "Ningejua upo na mtoto, ile sensi nisingeigusa. Kila mtu anaweka ya mwili wake. Mimi niliona mkono tu."

"Nilidhani mtanikataa."

"Labda tungekukataa. Sijui. Lakini ungeniambia." Kisha akashusha pumzi. "Mwenzako wa Iringa amecheza asubuhi. Alishinda mechi mbili. Wenzangu hapa wameshaamua, na siwezi kuwageuza. Pole sana, mdogo wangu."

"Asante, dada."

"Ikitokea nafasi nitakutafuta."

"Sawa, dada."

Sauti zikazimika moja moja. Hilaria alikaa akimtazama Heri, aliyekuwa anamtazama yeye huku ananyonya, jicho moja limeshaanza kulegea, hana kinyongo kabisa na mtu aliyemkana muda si mrefu. Akamfuta machozi shavuni kwa kidole gumba. Kisha akaona ni yake yeye yanayodondokea pale, akafuta na hayo.

"Kasimu," alisema, "niachie nicheze moja ya mwisho. Sio ya mashindano. Moja tu."

Kasimu hakumtazama. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, na ile feni inayolia ilinyamaza.

"Shemeji," alisema kutoka huko chini, "nimeshachomoa."

Hilaria akaitikia kwa kichwa. Akangoja mpaka mtoto akaliachia titi mwenyewe, akainama, akamrusha mgongoni, akavuta ncha za kitenge akazifunga vizuri kifuani. Kule Nsemulwa chakula cha msiba kilikuwa kinaiva, na yeye hakuwa amekata hata kitunguu kimoja. Akawaaga, akatoka.