Siku Nyuki Walipomhukumu Masanja

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili huko Sikonge, bibi yangu alinifundisha kwamba nyuki humjua mwongo. Babu alikuwa mrina asali, na kabla hajaenda kwenye mizinga yake porini, nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kugombana wala kudanganya. "Mwenye moyo safi hawamgusi," bibi alisema. Niliamini. Kwa nini nisiamini, wakati babu alirudi salama kila mara?

Darasa letu lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, tukikisoma kwa zamu. Masanja, niliyekaa naye dawati moja, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha silabi, na zamu yake ikikaribia alikuwa hatulii kwa furaha. Kisha kitabu kikapotea. Mwalimu wetu, mama mpole aliyependa kusema kwamba kusoma bila tabia njema ni kazi bure, alitupanga nje juani akamtaka mwizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu.

Tukiwa bado tumesimama, kundi la nyuki likashuka kutoka kwenye paa. Tukatawanyika mbio. Mimi nikajikwaa, nikaanguka. Masanja akarudi, akavua shati lake, akanifunika nalo, akanilalia juu. Nilitoka bila hata alama. Yeye uso ulivimba mpaka macho yakafumbika.

Jioni kijiji kizima kilikuwa na jibu: nyuki wamemwonyesha mwizi. Nikalia, nikamwambia bibi kwamba Masanja alinikinga.

"Mjukuu wangu, wewe una huruma tu," alisema, akinipaka mafuta kichwani. "Mbona wewe hawakukugusa?"

Nikamwambia baba. "Lisemwalo lipo," akanijibu, akaendelea kula. Nikamwambia na mwalimu. Nani angenisikiliza? Kadiri nilivyomtetea, ndivyo walivyozidi kuusifu moyo wangu safi.

Masanja aliitwa mwizi hadi akaikataa shule, na mjomba wake akamchukua kwenda Usinge kulima tumbaku. Mvua zilipoanza, paa likavuja, wakasogeza kabati la darasani. Kitabu kilikuwa nyuma yake, kimeliwa na mchwa. Hakuna aliyemfuata Masanja.

Sasa mimi ni mwalimu katika shule ileile. Nafundisha kusoma, nafundisha tabia njema, na habari za nyuki sizigusi. Mwaka jana alikuja mtu akiuza asali, nikamtambua alipocheka. Tulikaa kivulini, tukaulizana hali za wazazi. Nikamweleza kitabu kilikokuwa.

"Mimi nilijua sikukichukua," Masanja alisema, bila hasira. Heri angekasirika.

Kwenye simu yake ukaingia ujumbe. Akaitazama kidogo, kisha akaninyooshea.

"Hebu nisomee, mwalimu. Miwani nimeisahau nyumbani."

Nikamsomea. Mnunuzi alikuwa anauliza asali imebaki kiasi gani. Najua Masanja hana miwani. Huo ndio uongo pekee niliowahi kuusikia kinywani mwake, na ni sisi tuliomfundisha.