Sindano Tuliyoingoja Bulengera

Nilipaswa kumkatalia shemeji yangu siku ile ile, sebuleni kwangu Bulengera, mjini Butembo, kabla hajamaliza kusema. Kwetu, kaka wa mke akisema juu ya ugonjwa wa dada yake, mume hunyamaza. Nami nilinyamaza, kwa sababu maneno yake yalinipendeza.

Mke wangu alikuwa na hepatite C, ugonjwa wa ini. Daktari mmoja wa Beni alikuwa na vidonge vya miezi mitatu, akamwandika kwenye orodha ya watakaovipata bure. Alituonya tusikawie, ini limeanza kukauka. Lakini Jumapili hiyo binti yetu, anayesoma biolojia Kampala, alipiga simu, nikamwuliza kuhusu dawa mpya. Alieleza vizuri. Ndani ya ini, alisema, mna vipande vidogo sana viitwavyo mikroRNA, vinavyotuliza jeni zisifanye kazi kupita kiasi. Kirusi cha hepatite C hukivaa kimoja kama koti, kisiharibiwe. Watafiti wametengeneza sindano ya kukifunga kipande hicho, na kirusi hubaki uchi.

Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Shemeji, mfanyabiashara, alipiga makofi.

"Kabakie uchi! Mi naleta makontena toka Chine, ile kasindano ndiyo itanishinda?"

"Mujomba, ile haiko dawa ya kuuza. Banaijaribu tu. Mama ameze vidonge vya Beni, vinaponesha."

"Vidonge vya bure? Dada yangu apange mustari na batu bote?"

Mke wangu alikuwa anamenya viazi mlangoni. "Na mwenye ini, hamumuulize?"

Tulicheka. Hakuna aliyemwuliza. Kesho yake nilimpigia daktari, nikasema nafasi ile ampe mtu mwingine.

Sisi watu wa Butembo tumezoea kwamba kitu kikiwepo duniani, yupo wa kukipakia. Shemeji akasafiri kuitafuta sindano. Mimi nikaanza kungoja, na kungoja kukanikosesha kiti. Pikipiki ikisimama njiani, nilinyanyuka. Nilivuka lupango, ua wetu, hadi langoni, nikarudi, nikaenda tena.

"Kaa chini, baba ya batoto," mke wangu alisema, "utatoboa lupango na miguu."

Binti alipiga kila juma, akiuliza kama mama yake ameanza vidonge. Nilimdanganya mara mbili, kisha nikaacha kupokea. Shemeji alisema sindano iko njiani. Baadaye akasema bado anatafuta. Mwishowe alizungumzia vigae vya biashara yake tu.

Mwezi wa saba wa kungoja, macho ya mke wangu yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji. Nilimpeleka Beni. Daktari alipata vidonge vingine, mke wangu akavimeza vyote, na kirusi kikaisha damuni. Lakini ini lilikuwa limekwisha kuwa gumu. Binti alikuja, akasoma karatasi za vipimo akiwa amesimama, hadi palipoandikwa kwamba jina liliondolewa kwenye orodha.

"Papa, nani alitosha jina ya mama ku liste?"

Shemeji alikuwa pale, akitazama viatu vyake.

"Ni miye," nikasema.

Mke wangu alikufa Mulekera, kule kule Beni, nyumbani kwa dada yake. Dawa ya kumponya ilikuwa Beni tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyeikataa kwa niaba yake. Binti yangu bado hupiga simu. Anauliza kama nimekula, kisha anakata. Hanielezi tena kitu chochote.