Palizi ya Watu Wawili

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu mwaka huu tulimpoteza mama, na Jumatatu tukamzika kijijini kwetu Unyambwa, kando ya baba. Wanawake wa jirani walikuwa wamepika togwa kwa ajili ya waombolezaji. Harufu yake, ya uwele uliochipua na kuanza kuchachuka, ilinikuta mlangoni ikanirudisha kwenye msimu mmoja ninaoukumbuka kuliko yote. Nilikuwa darasa la nne. Baba alikuwa amefariki kabla ya mvua, na kaka yake, baba mkubwa, alitaka kumrithi mama pamoja na shamba. Mama alikataa mbele ya ukoo mzima. Alisema ana Mungu na ana mikono miwili, vinamtosha.

Kwetu palizi haikuwa kazi ya nyumba moja. Mwenye shamba aliandaa kinywaji, akapita nyumba kwa nyumba kutaja siku, na watu wakaja alfajiri na majembe yao. Kufika saa sita magugu yamekwisha, watu wanakunywa. Mama alikuwa mlokole, hakupika pombe. Alipika togwa mitungi mitatu, akataja Jumatano. Baba mkubwa aliposikia, naye akataja Jumatano hiyohiyo kwa shamba lake, akaandaa pombe ya mtama na kuchinja beberu. Jua lilipanda tukiwa tumekaa na mitungi yetu, mama na mimi, na mdogo wangu Elia mgongoni kwa mama. Ng'ambo ya korongo tulisikia wakiimba nyimbo za kulima. Mama mmoja wa jirani alipita mbio, jembe begani, akatuona, akasimama kwa aibu.

"Mama Rehema, nisamehe. Kule kuna nyama."

"Kimbia, mama," mama akamjibu, "usije ukakuta wamebakiza kwato."

Walicheka wote wawili. Yule alipopotea kichakani mama aliacha kucheka, akafunika mitungi. Hakuja mtu. Siku ya tatu togwa ilikuwa chungu hainyweki, tukaimwaga.

Tulipalilia wawili kwa zaidi ya wiki mbili. Kila asubuhi mama alisimamisha jembe, akashika mpini kwa mikono yote miwili na kusema, "Bwana, nguvu zangu ziliisha jana. Leo lima wewe." Kisha aliinama, akalima mpaka viganja vikachunika. Mimi pia niliomba, tena kwa bidii kuliko nilivyowahi kuomba kanisani. Niliomba baba mkubwa avunjike miguu. Nilitaja mguu wa kulia na wa kushoto, nikataja na magoti, ili Mungu asikosee. Kila gugu nililong'oa nililiita jina lake. Hata hivyo magugu yalitushinda, na nusu ya alizeti tuliyopanda haikutoa kitu. Mwaka ule tulikula mara moja kwa siku, na Elia alichelewa sana kutembea.

Wakati wa mavuno, vichwa vya alizeti vya baba mkubwa vilirundikwa uwanjani kwake vikauke, lundo refu kunishinda. Mchana mmoja, watu wakiwa wamelala kwa joto, nilichukua kiberiti jikoni nikavuka korongo. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili na ya tatu zilitoa moshi tu. Wengine wangesema Mungu alizizima, lakini mimi nilijua kiberiti kilikuwa kimeshinda juu ya mtungi wa maji. Nilikuwa nashika ya nne mama aliponikamata mkono. Alikuwa amenifuata. Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alikaa chini, pale pale kwenye kivuli cha lundo la adui yetu, akapumua.

"Rehema, unadhani umenitangulia? Nimefika hapa mara mbili na kiberiti hichohicho."

"Kwa nini hukuwasha?"

"Ningekuwa peke yangu ningewasha. Namwambia Mungu anishike mikono. Mimi mwenyewe siwezi, mwanangu. Usidhani naweza."

Sikumwelewa. Nilimwona mwoga, na kwa miaka mingi nimeendelea kumwona hivyo. Sasa nina watoto wakubwa kuliko nilivyokuwa wakati ule, na shamba lile linapaliliwa kwa vibarua, hakuna anayepika togwa ili aite watu. Chuki yangu tu ndiyo haijabadilika. Nimeitunza vizuri.

Baada ya maziko baba mkubwa alisimama kwa fimbo yake akawaambia waombolezaji kwamba shemeji yake alikuwa mwanamke wa kazi, na kwamba yeye ndiye aliyetulea. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilingoja watawanyike, nikamsogelea kwenye kiti, nikainama sikioni pake.

"Baba mkubwa, ile palizi tulilima wenyewe. Mama na mimi."

Alinitazama kwa macho yenye ukungu. "Palizi gani, binti yangu?"

Nilimchunguza uso mzima nikitafuta uongo, sikuuona. Alikuwa amesahau kweli. Kisha akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama. Nilimwomba Mungu anipe nguvu ya kuushika, maana nguvu yangu niliitafuta sikuiona. Nilingoja. Mkono wa mzee ulikuwa bado hewani.

Nikamwita Elia. Akaja, akamnyanyua.