Mwalimu na Vitabu vya Waingereza

Mwalimu wetu wa ustawi wa jamii, pale Berlin, alizoea kufuta miwani kwa ncha ya shali na kupapasa vitabu vyake vya Kiingereza kama anayebembeleza mtoto. Vitabu hivyo ndivyo vilivyomfanya aache kugawa sadaka, akahamia mtaa wa maskini kuishi nao. Mwaka ule Wanazi waliposhika serikali, polisi wawili waliingia darasani bila hodi. Liesbeth, mwenzangu wa dawati, akanishika mkono.

“Bibi wee, hao wageni wamekufundisha nini? Usaliti?” akauliza polisi mmoja, akivinyooshea kidole vile vitabu.

Mwalimu alifuta miwani, akawatazama polisi wale. “Wamenifundisha kumuuliza mtu anachohitaji, nisimwamulie mimi. Haya wanangu, mnahitaji nini?”

“Tunakuhitaji wewe,” akajibu mmoja. “Vaa koti.”